Mnapiga pasi mpaka taulo na soksi?

Jamani naomba maoni. Mwenzangu kwao kila kitu kinapigwa pasi, mpaka taulo na soksi, kwetu ukianua unakunja unaweka kabatini basi, shati la kutokea ndo linapigwa asubuhi. Sasa wikiendi anasimama na pasi mpaka usiku halafu ananuna eti simsaidii, mi naona anajichosha bure. Nyie kwenu ikoje?

Jibu: Taulo msipige pasi bana, zile nyuzi zinalala halafu halinyonyi maji vizuri. Shati likung'ute kwa nguvu kabla hujaanika, litundike kwenye hanga likiwa bado bichi, makunyanzi mengi yanaondoka yenyewe. Na muangalie lebo, kialama cha pasi kikiwa na nukta 1 mwisho ni 110°C, nukta 2 ni 150, polista ukiipiga moto wa pamba inabaki na mng'ao mbaya hautoki tena.

Jibu: Kaka hilo neno "bure" liache kabisa. Mtu aliyelelewa hivyo, shuka lililonyooka kwake ndo usafi wenyewe. Muulize zipi hasa zinamkera zikikaa na makunyanzi, labda ni mashuka na mashati tu, hizo mgawane. Na wewe nguo ukianua ukunje hapo hapo, usirundike kwenye kiti siku nzima, hilo rundo linaleta ugomvi kuliko pasi.

Jibu: Sisi kila mtu anapiga zake, mashuka tunakunja wawili.

Muuliza swali: Asanteni sana. Taulo kakubali, soksi bado hataki kusikia.