Nimeandika kuhusu ugonjwa wa mama, sasa natangaziwa mashine za sukari

BintiTanga: Wakuu, naombeni msaada. Jumanne nilimwandikia dada yangu aliyeko Muscat barua pepe kwamba mama kapatikana na sukari. Ni sisi wawili tu tunaojua. Mama hataki hata majirani wasikie. Juzi nafungua simu, tangazo la mashine ya kupima sukari, pale pale juu ya barua zangu! Wanasoma? Nimeumia sana, ile ni siri ya mama.

FundiSimu: Pole sana dada, na mama apate nafuu. Tangu 2004 Gmail ilikuwa ikichambua maneno ya barua ili kupanga matangazo. Mwaka 2017 Google wakatangaza kuacha. Kwa hiyo usiilaumu barua peke yake. Ulitafuta chochote kuhusu sukari mtandaoni?

BintiTanga: Ndiyo, usiku uleule. Vyakula, bei ya vipimo, na duka moja nikawaachia anwani yangu ya barua pepe.

FundiSimu: Hapo ndipo. Duka likiwa na anwani yako linaweza kuipeleka kwa watangazaji, wakakutambua. Zima matangazo yanayokulenga kwenye akaunti. Halafu zuia picha zisijifungue zenyewe kwenye barua: nyingine ni kinukta kisichoonekana, kinachomwambia mtumaji kwamba umefungua.

Mzee_Kariakoo: Mwanangu, liandikie hilo duka lifute anwani yako. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Wakikaidi, peleka malalamiko kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

BintiTanga: Shikamoo mzee, asante. Naandika sasa hivi.