Familia ya Bi Mwanakombo, Makorora, Tanga: malazi ya Salma

Jumatatu

Mwl. Mwanaidi, saa 1:40 usiku
Assalamu aleikum, jamaa zangu. Kama mlivyokwisha kuarifiwa, Salma wetu amethibitisha nafasi yake Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na sasa limebaki jambo moja linalotaka haraka, nalo ni mahali atakapolala. Ziko njia mbili. Ya kwanza ni kuomba chumba katika hosteli za chuo. Ya pili ni nyumba ya Msewe, ambayo yeye na wenzake wawili waliomaliza naye kidato cha sita wameonyeshwa na dalali kwa picha za simu. Dalali anataka jibu kabla ya Alhamisi jioni. Naomba kila mmoja aandike maoni yake kwa maneno, asinitumie kidole gumba, kwa sababu kidole gumba hakinielezi mtu amekubali lipi.

Hemedi, saa 1:43 usiku
👍🏾

Mwl. Mwanaidi, saa 1:44 usiku
Hemedi, mwanangu, nitakutoa katika kundi hili na nyumbani pia.

Hemedi, saa 1:46 usiku
Waaleikumu salaam, mama. Nilikuwa nimekubali yote mawili ili kupunguza kelele.

Mwl. Mwanaidi, saa 3:15 usiku
Naona watu kumi na tisa wamesoma ujumbe wangu na aliyejibu ni mmoja tu, naye ni huyo. Nitaandika hesabu mwenyewe ili tusijibizane kwa hisia. Nyumba ya Msewe ni shilingi 180,000 kwa mwezi, na mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, yaani 1,080,000. Dalali naye anataka kodi ya mwezi mmoja kama ujira wake. Ukigawa kwa watatu, fungu la Salma ni 420,000 kabla hajanunua jiko la gesi, ndoo, pazia wala umeme wa LUKU. Kwa upande wa chuo, hosteli za Magufuli zilipozinduliwa mwaka 2017 kodi ilitangazwa kuwa shilingi 500 kwa siku. Hata tukichukulia kwamba tangu wakati huo imepanda maradufu, itakuwa elfu thelathini kwa mwezi, na muhula mzima wa miezi minne hautafika hata theluthi moja ya fedha anazozitaka dalali wa Msewe.

Jumanne

Rajabu, saa 12:50 asubuhi
Shikamoo dada. Samahani kwa kuchelewa kujibu, kwani jana nilikuwa zamu ya usiku bandarini. Hesabu yako ni sahihi, lakini umehesabu kitanda ukasahau tumbo. Katika hosteli mwanafunzi haruhusiwi kupika chumbani, kwa hiyo chai, chakula cha mchana na cha usiku vyote atanunua, siku zote saba za wiki. Akiwa na jiko lake na wenzake wawili, mchele wa kilo chache na dagaa vinawavusha wiki. Fungu lake la kodi ni elfu sitini kwa mwezi. Akipata mkopo kamili wa chakula na malazi, ambao tangu mwaka wa masomo 2022/23 ni shilingi 10,000 kwa siku, hiyo kodi ni sehemu moja ya tano tu ya bumu lake, yaani fedha hizo za mkopo. Mimi naona nyumba inawezekana.

Mwl. Mwanaidi, saa 12:58 asubuhi
Marahaba, mdogo wangu. Bumu huja baada ya mwanafunzi kufika, kusajiliwa na kutia saini, na majina ya wanaopata mkopo hutoka kwa awamu. Mwenye nyumba wa Msewe hangoji awamu. Fedha hizo zitatoka mifukoni mwetu wiki hii, ndiyo sababu nauliza wiki hii.

Idrisa, saa 4:20 asubuhi
Shikamoo shangazi, shikamoo baba. Nitasema kama mtu aliyeishi kote kuwili, ingawa chuo changu kilikuwa kingine nacho sikitaji. Mwaka wa kwanza nililala hosteli. Chumba chetu kiliandikishwa watu wanne na kililala watu sita, kwa kuwa wawili kati yetu walikuwa wamewabeba wenzao waliokosa nafasi. Kubebana huko hakuna anayekukataza kwa dhati, maana aliyekosa chumba ni rafiki yako, na huwezi kumwambia akalale stendi. Ila mtihani unapokaribia, sita katika dabodeka mbili, yaani vitanda viwili vya ghorofa, ni mateso. Lakini nisiseme uongo: niliamka nikiwa tayari chuoni, sikulipa nauli, na nilipougua malaria saa nane za usiku walikuwapo watu wa kunibeba kwa maana ya kweli ya neno hilo.

Hemedi, saa 4:24 asubuhi
Kaka Idrisa ameruka habari ya kunguni. Alirudi likizo ya Krismasi, bibi akamlaza uani pamoja na begi lake.

Idrisa, saa 4:25 asubuhi
Begi ndilo lililolazwa uani. Mimi nililazwa barazani.

Rukia, saa 4:31 asubuhi
Begi lilichemshwa katika sufuria ya pilau ya msiba. Sufuria hiyo bibi hajaitumia tena mpaka leo.

Mwl. Mwanaidi, saa 4:40 asubuhi
Tunaomba turudi katika jambo letu. Salma, mwanangu, umekaa kimya kana kwamba anayekwenda chuoni ni mimi.

Salma, saa 8:05 mchana
Shikamooni nyote. Nilikuwa nasoma, sikuwa na la kusema mbele ya wakubwa. Msewe ni jirani na chuo, mtu anaweza kutembea kwa miguu akafika darasani, na kwa jambo hilo nyumba ni nzuri kuliko hosteli ya Mabibo, ambayo iko nje ya kampasi. Kwenye picha kuna vyumba viwili, tanki la maji na choo cha ndani. Kinachonipa wasiwasi ni kwamba mkataba utaandikwa jina la mtu mmoja, na dalali amependekeza liwe jina langu kwa sababu mimi ndiye ninayempigia simu. Ikiwa mmoja wa wenzangu hao wawili, Neema au Tatu, atakosa mkopo akarudi nyumbani katikati ya mwaka, sijui mwenye nyumba atamdai nani. Jambo la pili ni maktaba. Ile maktaba mpya iliyofunguliwa mwaka 2018 ningependa kuitumia jioni, na sijui njia ya Msewe ikoje kwa msichana anayetembea peke yake usiku. Lakini Neema nimeshamwambia kwamba niko pamoja nao, na sipendi kuonekana mtu wa kuvunja ahadi.

Rajabu, saa 8:20 mchana
Hayo ya mkataba yanarekebishika. Yaandikwe majina matatu na kila mmoja atie saini yake pamoja na mdhamini wake.

Hemedi, saa 8:22 mchana
Kodi ya watu watatu ni kama mabeki wa Coastal Union yetu ya Tanga: kila mmoja anaamini kwamba mshambuliaji anakabwa na mwenzake.

Rajabu, saa 8:23 mchana
Usiitukane timu ya mji wako hadharani.

Idrisa, saa 8:25 mchana
Baba, hajaitukana, ameieleza. Mara ya mwisho kuchukua ubingwa wa nchi ilikuwa mwaka 1988, na sisi hatukuwa tumezaliwa.

Rajabu, saa 8:27 mchana
Mimi nilikuwapo na nilibebwa begani na watu nisiowajua. Wagosi wa Kaya watarudi, nanyi mtaomba jezi.

Hemedi, saa 8:30 mchana
Wakirudi nitalipa mimi kodi ya Salma ya miezi sita. Nimeahidi kwa sababu najua niko salama.

Mwl. Mwanaidi, saa 10:02 jioni
Ujumbe wa mpira ni mwingi kuliko ujumbe wa mtoto. Salma amesema jambo zito, na hakuna aliyelijibu vya kutosha isipokuwa kwa kusema kwamba linarekebishika. Kwa maoni yangu aombe hosteli leo usiku, akubali chumba chochote atakachopangiwa, na mwaka wa pili, akishaijua Dar es Salaam na kuwajua wenzake, ndipo tuzungumze habari ya nyumba. Nawaomba pia mchango wa kuanzia wa 50,000 kwa kila nyumba. Wifi, mama yake Salma, tafadhali nawe sema.

Mama Salma, saa 11:30 jioni
Shikamoo wifi. Mimi nitafuata mtakalokubaliana, ila mwanangu asilale mahali nisipoweza kupiga simu kwa mtu mzima.

Rajabu, saa 1:15 usiku
Dada, naomba nami nisikilizwe. Hosteli haiombwi ikapatikana kwa kupenda. Hizo za Magufuli ni majengo 20 yenye nafasi 3,840, na wanafunzi wa Mlimani, yaani chuo hicho, ni wengi kuliko vitanda mara nyingi. Tukiiachia nyumba ya Msewe Alhamisi, kisha Salma akakosa hosteli, atashuka stendi ya Mbezi na begi lake aelekee wapi? Tutakuwa tumepoteza yote mawili kwa kuogopa.

Mwl. Mwanaidi, saa 1:22 usiku
Siogopi nyumba, Rajabu. Katika familia hii tulishachanga kodi ya nyumba ya mwanafunzi mara moja. Tulichanga wote, hata mama aliuza alichouza. Kodi ile ya Sinza risiti yake sijaiona mpaka leo.

Rajabu, saa 1:25 usiku
Nilijua tutafika huko.

Rajabu, saa 1:31 usiku
Idrisa yumo humu anasoma, dada. Ungeweza kunipigia simu. Nilishaeleza kwenye arobaini ya marehemu kaka Bakari, mbele ya watu, na wewe ulikuwapo.

Mwl. Mwanaidi, saa 1:33 usiku
Ulieleza kwamba utaeleza.

Idrisa, saa 1:50 usiku
Shangazi, mimi sikuwahi kulala katika nyumba ile hata usiku mmoja. Ninachojua ni hicho tu, na ningependa tusimpe Salma mzigo ambao si wake.

Jumatano

Mwl. Mwanaidi, saa 3:10 asubuhi
Naona kimya. Waliotuma mchango ni Hemedi peke yake, naye ametuma elfu kumi.

Hemedi, saa 3:12 asubuhi
Hiyo ni awamu ya kwanza. Majina mengine ya fedha yatatoka baadaye.

Rukia, saa 9:45 alasiri
Shikamooni. Bibi aliniita barazani akaniambia nimsomee yote tangu Jumatatu, na nimemsomea hata ya mpira. Amesikiliza amefumba macho, nikadhani amelala. Kisha ameniagiza niandike bila kuongeza wala kupunguza. Anasema hivi:

«Mimi sikusoma. Watoto saba niliwalaza chumba kimoja cha nyumba hii, na kubanana hakukumuua mtu. Salma aanze katika nyumba za chuo, kwa sababu mtoto akiugua au asipoonekana, chuo kina mlango wa kugonga na mtu wa kuulizwa. Nyumba ya dalali ukigonga anafungua mpangaji mwingine. Msewe siikatai. Ninachokataa ni kulipia nyumba ya watoto watatu huku wazee wao hawajuani. Mama yake Neema na mama yake Tatu waje Makorora, wanywe chai, tutazamane. Na hiyo kodi ya Sinza mnayosutana, aliyejua ilikwenda wapi ni mimi, na aliyeamua ikaenda huko ni mimi. Nilinyamaza kwa sababu yangu. Basi nanyi nyamazeni.»

Rukia, saa 9:47 alasiri
Mwisho wa maneno ya bibi. Ameomba maji, ameingia ndani.

Idrisa, saa 11:58 jioni
Tumesikia, bibi.

Mama Salma, saa 12:20 jioni
Tumesikia, mama.

Rajabu, saa 2:05 usiku
Tumesikia, mama. Shikamoo.

Mwl. Mwanaidi, saa 3:40 usiku
Tumesikia, mama. Mdogo wangu Rajabu, nitakupigia simu kesho baada ya swala ya alfajiri. Sitaliandika hapa nitakalokuambia.

Salma, saa 3:52 usiku
Ahsanteni wazazi wangu. Maombi ya hosteli nimeshayatuma jioni hii, na majibu bado. Nikipangiwa chumba nitaletewa kumbukumbu namba ya malipo, na nitaileta hapa. Neema nimezungumza naye, amekasirika kidogo lakini amesema atamwambia mama yake kuhusu kuja. Mama yake Tatu yuko Korogwe na hawezi kufika kabla ya Jumamosi.

Mwl. Mwanaidi, saa 3:55 usiku
Jumamosi ni baada ya Alhamisi. Nani amezungumza na dalali?

Alhamisi

Kassim, saa 5:30 asubuhi
Assalamu aleikum. Tulikuwa safarini kutoka Pemba na mtandao haukuwapo. Naona ujumbe mwingi unaomhusu mwanangu. Nitausoma wote nikishashusha mzigo. Je, ameshapata chumba?

Mwl. Mwanaidi, saa 5:34 asubuhi
Kaka, soma kwanza, hasa maneno ya mama. Narudia swali langu la jana: nani amezungumza na dalali?

Rajabu, saa 8:10 mchana
Mimi. Amekubali kuishikilia nyumba mpaka Jumapili usiku kwa shilingi 50,000, ambazo zitahesabiwa ndani ya kodi tukiichukua. Tukiiacha hazirudi.

Mwl. Mwanaidi, saa 8:12 mchana
Elfu hamsini hizo zimetoka wapi?

Rajabu, saa 8:19 mchana
Zimetoka mfukoni mwangu, dada, si za mchango. Ameniandikia karatasi na nimeiweka vizuri. Nitaipiga picha niitume kesho.

Mwl. Mwanaidi, saa 8:20 mchana
Itume leo.