Tupeane uzoefu: Usiku wa tuzo za redio na TV, ulikuwa wapi jina lako likitajwa?

Zamu ya Alfajiri, Kakamega
Jana nikihama nyumba nilikuta chini ya kabati ile kadi ya kuning'iniza shingoni, jina langu na neno "Mteule". Nilikaa juu ya godoro, kazi ya kupakia ikasimama. Najua humu tuko wengi tuliopeleka kazi zetu Nairobi tukitoka huku kwetu. Hebu tuambiane yaliyotukuta.
Naanza mimi. Kipindi changu kilihusu wakulima wa miwa wa upande wa Butere, wanavyosubiri trela hadi miwa inakauka shambani. Wazee waliongea Kiluhya, nami nikaambiwa nilete tafsiri ya kila neno. Usiku mzima nilihangaika na sentensi moja ya mzee mmoja kuhusu mzani, maana kwa Kiswahili ilikuwa inapoa. Sikushinda. Tafsiri ninayo mpaka leo.

Kamera Begani, Nakuru
Umenikumbusha mbali. Nilitoka Nakuru saa sita mchana, nikijua kilomita 160 si safari. Gilgil tukakuta lori limelala barabarani. Suti nilikuwa nimeiazima kwa shemeji, nikaivua koti nikalishika mapajani lisikunjike. Nilifika ukumbini kundi langu limeshapita. Mlinzi akaniuliza, "Wewe ni wa kamera? Pita mlango wa nyuma." Nilikuwa wa kamera kweli, ila usiku ule nilikuwa mgeni. Picha zangu za ziwa lilivyoingia nyumba za watu Mwariki zilionyeshwa kwenye skrini kubwa, nami niko Limuru.

Binti Bungoma
Mlango wa nyuma. Hata mimi.

Sikio la Taifa
Hizi si ni zile Kalasha? Kalasha watu hupiga kura kwa simu. Mngehimiza wasikilizaji wenu, mngeshinda.

Zamu ya Alfajiri, Kakamega
Ndugu, usichanganye. Kalasha ni za filamu na televisheni, chini ya Tume ya Filamu ya Kenya, zilianza 2009. Za waandishi wa habari, AJEA, ni za Baraza la Vyombo vya Habari, zilianza 2012. Huko unapeleka kazi, waamuzi wanaisikiliza. Kura ya msikilizaji wa Malava haiingii.

Sikio la Taifa
Basi hapo ndipo penye kasoro. Anayejua mtangazaji mzuri ni msikilizaji.

Kamera Begani, Nakuru
Hapana, kaka. Kura za simu huenda kwa mwenye jina na bando. Makala ya dakika nane ya mtu wa Kuresoi nani atayapigia kura?

Mzee wa Mawimbi, Siaya
Vijana, punguzeni moto. Mtangazaji Leonard Mambo Mbotela alianza kipindi cha redio *Je, Huu ni Ungwana?* mwaka wa 1966. Alipofariki Februari 2025, hapa kwetu kila mtu aliikumbuka sauti yake. Sikusikia hata mmoja akitaja kombe.

Binti Bungoma
Mzee, kwa heshima zote, yeye alikuwa na mshahara. Sisi tunalipwa kwa kila stori. Cheti kile ndicho kinachokupa kazi mahali pengine.

Nyar Nyando
Sikutaka kuandika, nimefuta mara mbili.
Mwaka wa 2020, ziwa na mito ilipojaa, nilikuwa ripota wa stesheni ndogo huku Kisumu. Sitaitaja. Nilishuka Ahero, boda akanifikisha mwisho wa barabara, nikavuka maji ya kiunoni, simu nimeifunga kwa karatasi ya sukari. Katika boma moja nilimkuta mama mzee amekaa juu ya meza, maji chini yake. Watu wa mtumbwi walikuwa wameshamwita mara tatu. Alikataa kuondoka kwa sababu kaburi la mumewe lilikuwa pale uani, limebaki kichwa tu juu ya maji. Akaniambia, "Nyathina (mwanangu), nikienda, atajua ameachwa na nani?" Nilimrekodi dakika kumi na moja. Mvua ilikuwa inapiga mabati, nikajua sauti itaharibika, lakini sikuthubutu kumwambia arudie.
Makala yakateuliwa. Tikiti ikaja moja, akaenda bosi. Mimi nilifuatilia kwa simu, Nyalenda, chaji asilimia nne. Nilisikia kundi letu, nikasikia jina langu limekosewa silabi moja, kisha nikamwona yeye anapanda jukwaani. Akashukuru usimamizi. Simu ikazima.
Hilo nililimeza. Lililonivunja lilikuja baadaye. Maji yaliposhuka nilirudi kwa yule mama na picha ya kombe, maana lenyewe lilifungiwa kwenye kabati la vioo pale mapokezi. Akaitazama kwa adabu, akanirudishia. Akasema, "Sauti yangu iko wapi? Nataka kusikia nilivyosema." Sikuwa nayo. Simu niliyomrekodia iliingia maji, na kompyuta ya studio ilikuwa imefutwa kupata nafasi. Nilimwambia nitamletea. Ni miaka sasa. Hupita watu wa Ahero na salamu zake, nami huogopa kuuliza kama bado ananingoja.

Binti Bungoma
Dada. Pole sana.

Kamera Begani, Nakuru
Nimeacha kuendesha, nimeegesha kando. Huyo bosi angetajwa hapa.

Mzee wa Mawimbi, Siaya
Asitajwe. Jambo ni mama. Nenda kwake hata mikono mitupu, mwanangu, mweleze ukweli. Mzee huumia zaidi akinyamaziwa.

Sikio la Taifa
Asiende bila kitu. Arekodi upya.

Mzee wa Mawimbi, Siaya
Upya? Mtu aliyasema amekalia meza, maji yakipanda. Leo atasema nini?

Zamu ya Alfajiri, Kakamega
Kwa wanaopeleka mwaka huu: rekodi mbichi usiiache studio. Nakala moja kwako, nyingine kwa mtu unayemwamini. Tena mwambie uliyemhoji kwamba umempeleka mashindanoni. Mimi wazee wangu wa Butere sikuwaambia.

Binti Bungoma
Wengine tuliambiwa nakala ya nyumbani ni wizi wa mali ya stesheni. Tufanyeje?

Kamera Begani, Nakuru
Mimi huweka. Wanifukuze.

Fundi Mitambo
Nyar Nyando, nilikuwa mitambo siku ile. Uliniletea faili kwa WhatsApp kabla simu yako haijafa, nami nilikata mwanzo kujaribu kupunguza mvua. Nimetoka kufungua flashi za zamani. Kuna kipande cha kama dakika mbili. Maneno ya kaburi yamo. Mengine ni mabati tu.

Nyar Nyando
Nitumie. Na mabati usiyakate.