Mrejesho: Axio au Sienta? Nimeshachukua

Wakuu, habari za siku. Mwezi uliopita niliwauliza nichukue gari gani, Toyota Axio ya viti vitano au Sienta ya viti saba, nikiwa na mke, watoto watatu na mama mzazi, makazi Tanga mjini. Wengi mlisema Axio, kwamba Sienta inabugia mafuta.

Nimechukua Sienta.

Aliyenimaliza ubishi ni fundi wangu wa Ngamiani. Axio niliyoipata ilikuwa ya cc 1500, akafungua boneti zote mbili, akacheka: injini ile ile, 1NZ-FE. Sienta ni nzito zaidi kwa hiyo inakula kidogo zaidi, sikatai. Ila watu sita ndani ya Axio ni kesi na trafiki.

Jumamosi tukaijaribu Lushoto. Hadi Mombo raha mustarehe. Zile kona za kupanda, na sita ndani, nilizima AC na tukapanda kwa adabu. Kushuka nikaiacha ishikwe na gia nisiunguze breki. Mama, mwenye goti bovu, anaingia bila kuinamishwa kichwa, mlango unavutwa pembeni kama wa Hiace.

Sasa ubaya. Viti vya nyuma kabisa vikisimama, buti hamna. Kabichi tulizonunua Lushoto zilipakatwa hadi Tanga, na mke wangu hajanisamehe. Halafu siku za kazi naenda Pongwe peke yangu na viti sita vitupu.

Mlioniambia nikague bati la chini, ahsanteni. Sienta ya kwanza niliyoonyeshwa ilikuwa imeliwa na kutu, rangi mpya juu inameremeta.