Sheria na kompyuta ndani ya digrii moja: tunawafungulia watoto njia au tunawatwisha mizigo miwili?

Mleta mada, Arusha

Wakuu, habari za jioni. Nina duka la steshenari jirani na mahakama hapa mjini. Natoa kopi, nachapa, nalaminesha. Miaka ya karibuni imeongezeka kazi ambayo sikuiomba: kuchapisha meseji za WhatsApp za watu zikawe ushahidi.

Jumanne kaja mama mmoja na simu iliyopasuka kioo. Anadai kamkopesha shemeji yake hela ya bodaboda, jamaa kaingia mitini. Wakili wake kapiga simu akiwa mbele yangu, maelekezo yakawa moja tu: "Mwambie akuze maandishi, hakimu asome." Nikakuza. Kukuza huko kukaitupa nje ya karatasi sehemu ya juu yote, namba na tarehe vikaenda. Nikamuuliza, mama, namba ya aliyeandika iko wapi? "Si jina hilo hapo, Shem." Mama, jina umelisevu mwenyewe! Hata mimi ukitaka unaweza kunisevu Shem.

Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, kifungu cha 18, haimkatalii mtu ujumbe wake eti kwa kuwa umetoka kwenye simu. Ila mahakama inapima uzito wake: ulitengenezwaje, ulitunzwaje, umebaki kama ulivyokuwa, na aliyeutuma alitambulikaje. Yaani mkasi wangu wa Jumanne ulikata kile kile kinachopimwa. Na wakili ndiye aliyeagiza.

Sasa mpwa wangu kamaliza kidato cha sita, EGM (Uchumi, Jiografia na Hesabu), Hesabu kafaulu vizuri. Anataka sheria, anataka na kompyuta. Udahili unamtaka athibitishe kozi moja. Hapo Moshi, Chuo Kikuu cha Ushirika kinafundisha sheria na kinafundisha TEHAMA ya biashara, geti moja, lakini mtoto anaingia na kitambulisho cha upande mmoja. Australia wanasoma vyote viwili kwa pamoja, miaka mitano au zaidi, wanatoka na digrii mbili. Kwa nini sisi tusianzishe? Naomba kuwasilisha.

Wakili, Moshi

Ndugu yangu wa steshenari, nimecheka, kisha nikanyamaza maana huyo wakili angeweza kuwa mimi.

Ila sikubaliani nawe. Matokeo ya Taasisi ya Uanasheria kwa Vitendo, ile ya Dar anakopita mwenye digrii ya sheria kabla ya kuwa wakili, yaliyozua kelele Oktoba 2022 unayakumbuka: kati ya wanafunzi 633 walifaulu moja kwa moja 26. Ikaundwa kamati ya kuchunguza chini ya Dk. Mwakyembe, aliyewahi kuwa Waziri wa Sheria. Wale walikuwa na digrii ya sheria tupu, hawakuwa wamegawana muda na kompyuta. Leo unataka tuwapunguzie tena masomo ya sheria ili wapate nafasi ya programu? Tutapata watu wasioweza kuandaa hati ya madai wala kutengeneza mfumo.

Halafu njoo ofisini kwangu uone majalada. Kihamba (shamba la ukoo la Wachagga), mirathi, kihamba, talaka, kihamba. Mpaka ni masale, mimea inayopandwa kama alama, na masale hayana programu. Nikipata kesi ya sahihi ya kughushi namwita mtaalamu wa maandishi. Hakuna aliyewahi kusema mawakili wote wakasomee miandiko.

Fundi programu, Njiro

Wakili msomi, mfano wa mwandiko ni mzuri lakini haufiki. Mtaalamu wa maandishi anaitwa kitu kikishaharibika. Kwangu sheria inaingia siku ya kwanza, kabla sijaandika mstari.

Nilitengeneza mfumo wa kampuni ya kupandisha wageni mlimani. Fomu inaomba kopi ya pasipoti, magonjwa, dawa unazotumia, namba ya ndugu. Taarifa zinakaa kwenye seva, yaani kompyuta za kukodi, nje ya nchi kwa sababu ni bei nafuu. Kuanzia Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inafanya kazi. Anayekusanya anatakiwa ajisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, taarifa za afya zina ulinzi wake, kuzipeleka nje kuna masharti. Bosi akaniambia muulize wakili. Wakili akasema niandikie mfumo unavyofanya kazi. Nikaandika. Akauliza "seva" ni mtu au kampuni. Wiki tatu tunaandikiana, na msimu wa wageni umeshaanza.

Hata hivyo digrii nzima mbili sizitaki. Na mleta mada, mpwa wako ana bahati ya EGM. Mtoto wa HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza) vyuo vingi havimpi kompyuta kwa sababu hana Hesabu. Milango inafungwa akichagua kombi baada ya kidato cha nne, huku chuo mnagombania funguo tu.

Mama wa wanachuo wawili, Usa River

Mnaongea vizuri wanangu. Miaka mitano nani analipa? Boom, hela ya kujikimu ya mkopo wa chuo, likichelewa wiki mbili ni mimi napigiwa simu. Na akimaliza hiyo mitano, bado mwaka wa uanasheria Dar. Mtoto atazeeka na begi mgongoni.

Mleta mada, Arusha

Mama, shikamoo. Umenigonga penyewe, hesabu hiyo sikuifanya.

Wakili, kwenye kihamba nakubali. Ingawa hata huko Moshi ndugu wanaogombea kihamba siku hizi wanatukanana kwenye grupu la ukoo, na matusi hayo nayo yanaletwa steshenari. Kwenye mwandiko nabisha: mtaalamu unamwita kama unajua kuna kitu cha kuulizia. Wakili wa yule mama hakujua kwamba tarehe ina kazi.

Kwa hiyo nimerudi nyuma nusu hatua. Digrii mbili ndani ya moja naiacha. Ninachotaka mwanafunzi wa sheria aruhusiwe kuvuka upande wa pili wa geti, asome masomo manne matano ya kompyuta, yahesabiwe kwenye digrii yake na si kwa hiari ya Jumamosi. Na wa kompyuta vivyo hivyo, asome mkataba, ushahidi na hiyo ya taarifa binafsi. Miaka isiongezeke. Mpwa wangu nimemwambia achukue sheria, kompyuta anayo tayari kichwani. Kaninunia, lakini kathibitisha.

Yule mama karudi leo. Nimemchapishia meseji upya, herufi ndogo, namba na tarehe zote zipo, na nimemwambia simu yenyewe asiiuze wala asifute kitu. Hakuweza kuzisoma. Kaazima miwani ya mzee wa mihuri hapa nje, kasoma mpaka mwisho, kasema, "Ndiyo, ni yeye," kisha kaniuliza kama naweza kuifuta ile ambayo yeye alimtukana.