Sindano, kijiti ama koili: nichague ipi?

Bi_Mikindani
Asalaam aleikum jamani. Nataka kuanza kupanga uzazi, kliniki ni Jumatatu. Nesi kanipa machaguo matatu: sindano, kijiti cha mkononi ama koili ya kutiwa kizazini. Shemeji yangu asifu sindano, jirani asema kijiti ndicho. Nyinyi mliozitumia mwasemaje?

MamaPacha
Waleikum salaam. Bora kwa nani, mwanangu? Una mtoto? Wanyonyesha? Wataka kupumzika mwaka mmoja ama ndio umefunga duka? Presha yako ikoje? Hujasema lolote, tukujibu vipi?

Kijana_Majengo
Kondomu, kwisha maneno. Hizo nyingine zote hazizuii ukimwi wala kisonono.

Shani_K
Sindano, dada, usihangaike. Natumia Depo tangu nilipomzaa kifungua mimba, kila miezi mitatu nachomwa na kurudi zangu sokoni Kongowea. Hedhi ilikata kabisa. Na hakuna alama yoyote mwilini ya kuulizwa maswali nyumbani, mwenye kuelewa kaelewa.

Swabra_MK
Mimi nitasema la kijiti, maana hili watu hawaambiwi. Nilitiwa mkono wa kushoto, kile kimoja cha miaka 3. Kutiwa si kazi: ganzi, bandeji, nikarudi nyumbani kupika. Mwanzo kimya. Halafu yakaanza matone. Si hedhi ya kueleweka, ni madoa ya kahawia kwenye nguo, leo yapo, kesho hayapo, kesho kutwa yamerudi. Ramadhani ikaingia hivyo hivyo. Nimefunga, alasiri naona doa. Saumu ipo ama imeharibika? Niswali ama nisiswali? Nikamwendea ustadha wetu wa madrasa, akaniuliza ada yangu ya kawaida ni siku ngapi, kwani hedhi ina hukumu yake na istihadha, damu isiyo ya hedhi, ina yake. Kwenye istihadha wafunga, waswali, wajisafisha na kutawadha kwa kila swala. Nikamwambia ada yenyewe ndiyo iliyovurugika! Ikawa nina kidaftari nikiandika siku, rangi na wingi.

Nikaenda kulalamika pale nilipotiwa, aliyenihudumia akanambia "utazoea" bila hata kuniangalia. Nikataka kitolewe. Akapapasa, akachana, akakikosa, kumbe kilitiwa chini mno. Nikafungwa bandeji nikarudi na kijiti changu. Mahali pengine walinipiga ultrasaundi kwanza, wakakiona, kikatoka mara moja. Sikatai, mimba sikushika. Lakini kabla hujanyoosha mkono muulize anayetia kama ajua na kutoa.

Nesi_Mstaafu
Pole sana bibie, hapo ulinyimwa maelezo. Matone ni jambo linalojulikana kwa kijiti, na kwa sindano pia hasa miezi ya mwanzo. Si uchafu unaojaa tumboni kama wasemavyo watu.

Kwa nguvu ya kuzuia: katika wanawake 100 wanaotumia kwa mwaka, kwa namna watu wanavyotumia kweli, wa vidonge hushika mimba kama 7, wa sindano 4, wa kondomu za kiume 13. Kijiti na koili ya shaba, hata mmoja hafiki. Sababu ni kwamba ukishatiwa huna cha kusahau. Shani, wewe huikosi siku yako ya sindano, wengine huikosa. Na ukitaka mtoto baada ya Depo, ujue uwezo huchelewa kurudi, kwa wastani kama miezi 10 tangu sindano ya mwisho, na wengine zaidi. Kizazi haikiui.

Baharia_Tudor
Mbona hamtaji azl, yaani kumwaga nje? Maswahaba waliifanya na Qur'ani yateremka, hadithi ya Jabir yajulikana.

MamaPacha
Twaijua. Hawa pacha wangu ndio matokeo yake.

Baharia_Tudor
Hiyo ni kutokuwa makini.

MamaPacha
Mkumbushe mume wangu makini, mimi nilikuwa macho.

Nesi_Mstaafu
Azl ni 20 kati ya 100, Baharia. Na kama wanaume mwataka kushiriki, kuna kufungwa mirija, ni upasuaji mdogo, ila miezi 3 ya mwanzo bado mwatumia kinga nyingine.

Baharia_Tudor
Kukata uzazi moja kwa moja wanazuoni wengi hawakubali, tusichanganye mambo.

Bi_Mikindani
Samahani, nilikuwa dukani. Mtoto ana miezi 5, nanyonyesha lakini nampa na uji. Nataka kupumzika miaka mitatu minne. Presha iko sawa. Na niko kwenye dawa za kifua kikuu, zimebaki kidogo.

Nesi_Mstaafu
Hilo ndilo la kutangulia kusema! Kwenye dawa za kifua kikuu kuna rifampicin, nayo hupunguza nguvu ya vidonge na ya kijiti pia. Sindano ya Depo na koili haziguswi. Mwambie nesi kabla hajafungua paketi yoyote. Na kwa kuwa mtoto ameshaanza uji, kunyonyesha peke yake usikutegemee tena kukukinga.

Swabra_MK
Si nilisema muulize maswali.

Bi_Mikindani
Koili naiogopa. Yasemekana yapanda hadi moyoni.

Nesi_Mstaafu
Kizazi hakina njia ya kwenda moyoni. Mara chache hutoboa ukuta wakati wa kutiwa, ama hutoka yenyewe, ndiyo maana huangaliwa nyuzi zake. Usumbufu wake ni damu nyingi na maumivu siku za hedhi, hasa mwanzo. Ikikukubali ni miaka 10.

Shani_K
Mie nasema Depo. Miaka mitatu si kitu.

MamaPacha
Na huo mwaka wa kungoja uzazi urudi akitaka wa pili?

Shani_K
Kwani ana haraka gani?

Kijana_Majengo
Vidonge vya P2 je? Kuna mtu namjua hunywa kila wikendi.

Nesi_Mstaafu
Huyo mtu aambiwe P2 ni ya dharura, ndani ya saa 72, na kila ukiwahi ndivyo ifanyavyo kazi vizuri. Si ya kila wikendi.

Binti_Mtwapa
Naingilia jamani. Mie nina vile vijiti viwili, Jadelle, mwaka wa 5 waisha, na kliniki nilikotiwa ilifungwa. Naweza kutolewa kwengine?

Nesi_Mstaafu
Popote wanapotoa. Nenda na kadi yenye tarehe.

Binti_Mtwapa
Kadi ilipotea nikihama Likoni. Watakubali?