Grosari, baa kamili au kukodi baa kwa hesabu ya siku: ipi inabebeka?

Kihonda_Moro: Wakuu, habari za leo. Nataka kuuza vinywaji hapa Morogoro, naomba mnipitishie hesabu kabla sijalipa pango. Grosari (kibaa kidogo cha vinywaji tu) ya mafriji mawili: pango 250,000, umeme 130,000, mhudumu 180,000, maji, usafi na fungu la leseni 60,000. Jumla 620,000 kwa mwezi. Baa kamili yenye jiko na luninga ya mpira inafika 2,600,000, na wafanyakazi peke yao ni 1,100,000. Halafu kuna mzee anakodisha baa yake na kila kilichomo, anataka 60,000 kila siku. Mishahara na umeme ni juu yangu.

KauntaSafi: Mkuu, geuza hizo hela ziwe chupa. Tuseme kila bia inakuachia 500. Grosari inataka chupa 42 kwa siku ndipo ijilipe, baa kamili 174. Kwa mzee unadaiwa chupa 120 hata kabla hujamlipa mhudumu. Sasa jiulize Jumanne ya mvua, mwezi ukiwa kona, utauza ngapi? Ijumaa kila baa inauza. Mimi ningeanza na grosari.

Fundi Majokofu: Kwenye umeme, soma kibandiko cha nyuma ya friji. Likiwa la wati 400 na kompresa ikazunguka nusu ya siku, linakula uniti 4.8. Kwa LUKU (umeme wa kulipia kabla), uniti moja ikiwa karibu shilingi 356 pamoja na kodi, ni kama 51,000 kwa mwezi, friji moja tu. Mpira wa mlango ukilegea kompresa haipumziki, na hapo bili inapanda bila bia hata moja kuongezeka. Friji la kampuni ya bia unaweza kupewa bure, ila umeme unalipa wewe.

Mama Wawili: Mwanangu, umesahau makreti. Bila chupa tupu hupati mzigo kwa bei ya kubadilishana, na hela ya chupa inalala dukani muda wote. Wahudumu nao wana NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii), jumla asilimia 20 ya mshahara, ya mwajiri na ya mfanyakazi zikiunganishwa. Na shoti (hela au chupa zinazopungua kwenye hesabu) funga kila usiku, mtu wa kaunta na mhudumu wakiwepo wote. Ukiacha mpaka mwisho wa wiki, kila mtu anamsukumia mwenzake, na kumkata binti wa watu mshahara kwa chupa ambazo hana hakika nazo ni dhuluma.

Mdau wa Msamvu: Mimi napinga grosari kidogo. Mteja anafuata nyama. Tafuta eneo dogo lenye nafasi ya jiko, ulikodishe kwa mchomaji: mkaa, nyama na msaidizi juu yake, wewe unapokea kodi ya siku. Hiyo inaweza kupunguza mzigo wa pango.

KauntaSafi: Hapo naungana na Mdau. Ila ukiweka muziki, ada ya hakimiliki iingie kwenye hesabu.

Kihonda_Moro: Asanteni sana, shikamoo Mama. Yule mzee nikimwomba asilimia ya mauzo badala ya 60,000, atakubali?

Mama Wawili: Marahaba. Mwombe Ramadhani na masika alegeze. Akikataa hata hilo, mwache na baa yake.